Karatasi Iliyoandikiwa Hakimu

Katika nyumba nyingi za pwani, kandambili ni kifaa cha umeme. Huvaliwa kabla ya kufungua friji, kabla ya kupiga pasi, kabla ya kuingia bafuni penye hita ya maji. Kwetu Tanga jozi moja ilikaa ubavuni mwa friji, haina mwenyewe, na mgeni aliyetaka maji baridi aliambiwa avae kwanza. Friji yenyewe ilikuwa ya mtumba, plagi yake ya miguu miwili minene, na ili iingie ukutani ilibidi tundu la tatu lisukumwe kwa kijiti. "Inapiga kidogo," tulisema, kwa sauti ileile ya kusema mtoto ana mafua. Ikizidi, Mama alichomoa plagi, akaigeuza, akaichomeka tena, na mara nyingine mtetemo ulipungua. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tundu lile la tatu ndilo la ethi, na plagi ya miguu miwili hailigusi. Umeme mdogo unaovuja kwenye mota au kwenye waya uliochoka unakosa njia ya kwenda ardhini, unabaki kwenye bati la mlango ukimngoja mtu mwenye miguu mitupu. Kandambili zinamfanya mtu huyo asiwe njia nzuri, basi. Ndiyo kinga yote tuliyokuwa nayo, na naamini bado ndiyo kinga ya nyumba nyingi ambazo ukutani mwake imefungwa swichi nzuri ya usalama, ila haijabonyezwa hata mara moja tangu fundi aondoke.

Swichi hiyo nilifahamiana nayo nikiwa saidia fundi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Mama hakuweza kuvumilia kijana anayelala mpaka saa nne asubuhi. Akanipeleka kwa fundi umeme wa Chumbageni, mzee aliyekuwa ametia waya nyumba nyingi za mtaa ule. Kazi yangu ilikuwa kubeba ngazi, kutindua kuta na kuvuta waya ndani ya mabomba. Boksi la swichi alilifunga mwenyewe. Hapo hakumwamini mtu, na alikuwa na haki.

Mafundi wenzake waliita swichi ile kwa herufi tu, RCCB, na wale wa zamani zaidi ELCB. Hukaa kwenye boksi pamoja na sakiti breka lakini haifanyi kazi ya sakiti breka, na ni vyema mwenye nyumba alijue hilo mapema. Sakiti breka inaangalia kama umeme umekuwa mwingi kupita uwezo wa waya. Swichi ya usalama haina habari na wingi. Yenyewe inaangalia kama umeme wote uliokwenda kwa waya wa moto umerudi kwa waya wa nyutro. Mzee alinieleza kwa mfano wa mlinzi wa geti la shule ya bweni siku ya Jumamosi: hajali wanafunzi walikokwenda wala walichokula, anahesabu waliotoka na waliorudi, na akikosekana mmoja geti linafungwa kwa shule nzima. Ndani ya swichi mlinzi huyo ni pete ya chuma ambayo nyaya zote mbili hupita katikati yake. Umeme unaokwenda na unaorudi ukiwa sawa, sumaku zao zinafutana. Ukipungua unaorudi, maana yake umepita kwingine, pengine mwilini mwa mtu, na kishikio kinaanguka.

Upungufu unaotosha kukiangusha ni mdogo. Swichi za majumbani nyingi zimeandikwa miliampea 30, yaani chini ya moja ya tano ya umeme unaotumiwa na balbu ya zamani ya wati 40. Kwa kiasi hicho inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3; uvujaji ukiwa mara tano yake, ndani ya sekunde 0.04. Hesabu hiyo imetokana na mwili wa binadamu. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono huweza kukaza mtu ashindwe kuachia alichokishika, na kadiri umeme unavyozidi na kuchelewa mwilini, moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida. Swichi haizuii mtu kupigwa na umeme. Inazuia asipigwe kwa muda wa kutosha kumuua.

Sasa karatasi. Kila boksi jipya tulilofungua lilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, maandishi madogo kama mchanga, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kichina, Kiarabu, na Kiswahili hakimo. Mimi nilikuwa mgonjwa wa kusoma, hata gazeti lililofungia karanga nalisoma, basi wakati wa chai niliketi juu ya mfuko wa saruji nikaikunjua. Sehemu moja iliandika kwamba kifaa kisiguswe na mtu yeyote asiye mtaalamu, kuna hatari ya kifo. Mistari michache chini yake ikaandika kwamba mtumiaji lazima abonyeze kitufe cha majaribio kila mwezi. Mtumiaji ni nani, kama si yule asiye mtaalamu? Tukageuza kibandiko kilichokuja na boksi la swichi, la kampuni nyingine: kijaribiwe kila baada ya miezi mitatu. Kwenye swichi yenyewe, pembeni ya kitufe hicho chenye herufi T, hapakuwa na muda wowote, ila pembetatu ya njano yenye radi. Karatasi ikamalizia kwa kusema kwamba kifaa hakimkingi mtu katika hali zote, na kwamba mtengenezaji hatawajibika.

Nikamsomea mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akasema: "Hiyo haikuandikiwa wewe, mwanangu. Imeandikiwa hakimu."

Nimeishi na kauli ile miaka mingi, na kila nikifungua boksi la kifaa chochote naikumbuka. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kampuni inayouza bidhaa moja katika nchi tele inaogopa kesi kuliko inavyoogopa kutoeleweka, kwa hiyo inaandika onyo juu ya onyo mpaka onyo la kweli linapotea katikati ya mengine. Lakini sikukubaliana na mzee kabisa, na nadhani naye hakukubaliana na nafsi yake, maana karatasi zenyewe alizikunja akaziweka kwenye mfuko wa koti.

Hata alama za usoni mwa swichi zinahitaji mkalimani. Nyingi zina picha ya theluji yenye namba -25, yaani kifaa kinafanya kazi hata baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri. Hilo litamfaa atakayeweka friji kileleni Kibo. Kuna namba 6000 au 10000 ndani ya kijisanduku, na nimesikia kijana wa dukani akimwambia mteja kwamba swichi hiyo "inabeba ampea elfu sita". Haibebi. Namba ile inahusu shoti kubwa ya ghafla ambayo swichi inaweza kuivumilia ikiwa imekingwa na fyuzi au breka inayofaa. Umeme inaoubeba siku zote ni ule ulioandikwa 40 au 63. Na namba inayomhusu mtoto wako anayecheza na soketi ni ndogo kuliko zote, 0.03, imeandikwa pembeni kwa aibu.

Ndogo kuliko zote, ndiyo maana inadharauliwa. Dukani kulikuwa na swichi za 0.03 na za 0.3 rafu moja, sura moja, bei hazipishani sana. Muuzaji aliwashauri watu wachukue ya 0.3, kwa sababu "haikatikikatiki", na mteja aliona namba kubwa ni nguvu kubwa. Swichi ya miliampea 300 ina kazi yake, huzuia uvujaji unaoweza kuanzisha moto kwenye nyaya, lakini mtu anaweza kufa mkononi mwake yenyewe ikiwa imetulia. Karatasi ilieleza tofauti hiyo? Ilieleza, kwenye jedwali, baada ya maonyo yote, mahali ambapo hakuna mteja aliyewahi kufika.

Nyumba iliyonifundisha maana ya kitufe ilikuwa Raskazone, karibu na bahari. Tuliitwa kuongeza soketi, na mzee, kama kawaida yake, kabla ya kufungua chochote alibonyeza T. Kimya. Akabonyeza mara ya pili, kidogo tu, akaondoa kidole. Swichi ilikuwa imefungwa miaka mingi nyuma, safi, haina hata mkwaruzo, na mwenye nyumba, mtu msomi, alituonyesha kwa fahari karatasi yake aliyoihifadhi kwenye faili. Alikuwa ameisoma. Alikuwa ametii mstari wa kwanza, ule wa kutogusa. Ndani mle vyuma vidogo vilikuwa vimeshikana kwa hewa ya chumvi na grisi iliyokauka, na muda wote huo familia ile ilikuwa ikiishi na picha ya swichi.

Kitufe kile hakifanyi uchawi. Ukikibonyeza, kinapitisha umeme kidogo kwenye kikinza kilichomo ndani, pembeni ya ile pete, ili hesabu ya kwenda na kurudi isilingane. Mlinzi akiwa macho, geti linafungwa. Na kule kuanguka kwenyewe ni dawa: vyuma vinavyosogea mara kwa mara havishikani. Hivyo anayebonyeza anapima na papo hapo anatunza.

Ndipo swali la kila mwezi, miezi mitatu au sita linapopungua ukali. Kanuni za Uingereza za kutia waya majumbani, BS 7671, katika toleo la 2008 zilitaka kibandiko kimwambie mwenye nyumba ajaribu kila baada ya miezi mitatu. Toleo la 2018 likasogeza hadi miezi sita. Sisi tuliorithi plagi na desturi za Waingereza tukarithi na vibandiko vyao, vya zamani na vipya vikachanganyika dukani. Marekani swichi ya namna hii mara nyingi hukaa kwenye soketi yenyewe, hukata kwa miliampea 5 hivi, na tangu 2015 zinazotengenezwa kwa viwango vyao sharti zijijaribu zenyewe. Hata hivyo karatasi zake bado zinasema bonyeza kila mwezi. Anayengoja waafikiane atangoja. Kwa nyumba iliyo karibu na chumvi ya bahari, mimi nashika kila mwezi.

Wapo wanaodhani vitu hivi vilibuniwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya kisha vikatufikia sisi mwishoni. Historia inasema vingine. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza mfumo wa kukata umeme unaovuja katika migodi ya dhahabu, na haukuwa mwepesi bado, ulikata kwa miliampea 250. Mwaka uliofuata alikuwa na mwingine mwepesi zaidi. Kisha katika mji mdogo wa wachimba dhahabu wa Stilfontein mwanamke mmoja akafa kwa ajali ya umeme nyumbani, na mwaka 1957 na 1958 nyumba mia kadhaa za mji ule zikafungiwa swichi za miliampea 20. Niliposoma habari hiyo ukubwani niliwaza juu ya Mama na friji yake. Profesa Charles Dalziel wa Berkeley, anayetajwa sana kwa swichi ya Marekani, alifikia yake mwaka 1961.

Turudi kwa Mama. Nyumba yetu ilipotiwa waya upya, mzee alifunga swichi ya miliampea 30, akabadilisha na plagi ya friji. Akamwambia Mama awe anabonyeza kile kitufe. Mama akakataa kata kata. Hakujua Kiingereza kingi lakini neno la kifo alilijua, na pembetatu ya radi haihitaji shule. "Kimeandikwa hatari, fundi. Mimi nina watoto."

Mzee hakubishana naye. Alitoa karatasi kwenye koti, akachukua penseli ya ukutani aliyoichomeka sikioni, akaketi mkekani. "Bi mkubwa, tugawane," akasema. Akasoma mstari mmoja mmoja, mimi natafsiri. Kukaza skrubu, mpangilio wa nyaya, unene wa waya, kuzima umeme kabla ya kufungua kifuniko: akaweka alama, "Hii yangu." Kubonyeza T umeme ukiwepo, kuangalia kama kishikio kimeanguka, kukirudisha, kumwita fundi kisipoanguka: "Hii yako." Dhamana, mashtaka, kutowajibika kwa hasara ya namna yoyote: "Hii ya hakimu, tumwachie." Mstari mmoja ukazua mjadala, ule wa kutoshikilia kitufe kwa muda mrefu. Mimi niliutupa kwa hakimu. Mzee akaurudisha kwa Mama: kikinza kile cha ndani hakikutengenezwa kubeba umeme muda mrefu, na swichi isipokata huku umekishikilia, unakiunguza.

Tangu siku ile nimeona kasoro ya karatasi zile kwa uwazi zaidi. Zinasema na watu wawili kwa sauti moja, bila kumgeukia yeyote. Fundi anaambiwa mambo ya mwenye nyumba, mwenye nyumba anatishwa kwa mambo ya fundi. Mama aliogopa skrubu ambazo hakuwa na nia ya kuzigusa. Baada ya mgawo ule alichagua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kupiga pasi, na akaifanya kazi hiyo kwa ukali uleule wa kukagua kucha za wajukuu.

Onyo la kwamba swichi haimkingi mtu katika hali zote nalo nilidhani ni la hakimu. Sivyo. Mtu aliyeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili, hesabu yake inalingana, umeme wote unarudi, na swichi haioni kosa. Na kitufe hakipimi ethi. Jirani yetu mmoja alibonyeza, swichi ikakata vizuri, akatulia. Nje ya nyumba yake waya wa shaba ulioshuka kwenye rodi ya ethi ulikuwa umekatwa na wezi wa vyuma chakavu. Swichi yake ilikuwa hai, lakini bila ethi pasi iliyovuja ingekaa na umeme kwenye bati mpaka mtu aiguse. Yeye ndiye angekuwa njia, na swichi ingekata baada ya yeye kupigwa. Ethi ikiwepo, uvujaji kama ule hukata swichi pasi inapochomekwa tu, hakuna aliyeigusa. Kupima ethi ni kazi ya fundi mwenye mita, na watu wengi hawajawahi kuiomba.

Upande wa pili kuna wanaopima wakati usiofaa. Mpangaji mmoja alibonyeza umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ukiwa umeisha, kishikio hakikushuka, akalalamika kwa mwenye nyumba kwamba amefungiwa kitu kibovu, na swichi nzima ikatolewa ikatupwa. Bila umeme kitufe hakina cha kuvujisha.

Lakini adui mkubwa wa swichi hii si mtu asiyebonyeza. Ni mtu anayetaka isimsumbue. Mteja mmoja alikuwa na pasi iliyokata umeme kila ikipata moto. Mzee akamwambia pasi ni mbovu, aitupe. Mteja akaona pasi imenunuliwa kwa pesa na swichi ndiyo mkorofi, akaomba "ipitishwe moja kwa moja". Mzee akafunga mkoba wake. Siku chache baadaye kijana mwingine akaipitisha kwa vipande viwili vya waya, kwa malipo madogo, boksi likafungwa, na kwa nje kila kitu kilionekana sawa. Kandambili zikarudi karibu na meza ya pasi. Fundi wa namna hiyo ndiye anayestahili pembetatu ya radi kifuani. Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Kuuliza leseni si kumtukana mtu.

Ombi langu kwa Shirika la Viwango Tanzania na wenzao wa Kenya, KEBS, ni fupi. Swichi inayouzwa kwetu iwe na mstari mmoja wa Kiswahili usoni, unaomhusu mwenye nyumba peke yake: bonyeza kila mwezi umeme ukiwepo, isipokata, ita fundi. Nafasi ikikosekana, wafute theluji.

Wewe msomaji usingoje kibandiko hicho. Kama umeme upo, zima kompyuta, waambie waliomo ndani, nenda kwenye boksi ubonyeze T mara moja. Kishikio kikianguka, kirudishe juu. Kisipoanguka, usikibonyeze tena. Piga simu kwa fundi mwenye leseni leo, na akija mwambie apime na ethi.